Tawi Si Taka

Yadi ya malori, chini ya mlima
4 Machi

Mwanangu, rubani wa kiti,

Marahaba, maana najua umefungua tu bahasha ukaniamkia. Usiniulize kwa nini sijapiga simu. Simu ni ya maneno mafupi, na mimi hasira niliyonayo ni ndefu. Barua hii anakuletea Kijiko, yule dereva mwenzangu anayetembea na kijiko kwenye mfuko wa shati asije akakuta chakula hajajiandaa. Ataiacha kwa mlinzi wa geti la kituo chenu. Na jibu mpe mlinzi huyohuyo, yeyote kati yetu akipita atalichukua.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa nateremka mlima na shehena ya saruji. Nikapita ile kona kali, ile ambayo ukitoka juu huoni kilichopo mbele mpaka uwe umeshakifikia. Nimeimaliza tu, ekseli ikanikatikia. Lori likakaa katikati ya njia kama ng'ombe aliyegoma. Nikafanya ninachofanya tangu marehemu kaka yangu, baba yako, aliponiweka nyuma ya usukani: nikachukua panga, nikakata matawi, nikayapanga kwenye lami kuanzia kule juu kabla ya kona. Fundi akaja, akahangaika, nikaondoka. Hakuna aliyenigonga. Matawi niliyaokota mwenyewe nikayarudisha porini.

Jana ujumbe ukaingia kwenye simu. Picha imepigwa kutoka angani. Mimi huyo nimeinama, kilemba cha njano kichwani, makalio yanaitazama mbingu. Chini yake wameandika: "Kosa: kutupa taka barabarani. Adhabu: alama moja kwenye leseni."

Umeona mambo hayo? Nimeweka alama barabarani, wao wakaniwekea alama kwenye leseni. Zikifika tatu leseni inachukuliwa, na mimi bila leseni ni mwanamke mnene tu mwenye habari nyingi za gia. Sijui kazi nyingine na sitaki kujifunza.

Wewe uko humo ndani. Niambie, nani kawaambia hao kwamba tawi ni taka?

Shangazi yako,
Mama Gia


Kituo cha Uangalizi wa Barabara
9 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mlinzi alinipa huku anacheka, nadhani Kijiko alimsimulia yote alipomkabidhi.

Nakueleza jinsi kazi yetu ilivyo ili usidhani kuna mtu aliyekukusudia. Tunakaa kwenye chumba kimoja chenye baridi ya mashine, mimi navaa sweta hata jua likiwaka. Kila mmoja ana skrini mbili na ndege ndogo yake. Yangu inapaa kutoka kwenye paa la kituo cha mizani, hapo chini ya mlima, inaifuata barabara hadi kule juu na kurudi. Simu zetu zinafungiwa kabatini tangu asubuhi, kwa hiyo nashukuru umeandika.

Ndege ikiona kitu, mashine inakichorea kisanduku na kukipa jina. Majina yenyewe ni machache: gari, mtu, mnyama, maji, moto, taka. Mwangalizi anabonyeza "Sahihi" au "Si sahihi", inaenda. Kitu pekee ambacho mashine inakiruka ni mali ya kituo. Pikapu zetu, koni zetu, ndege zenyewe, vyote vina stika ya mistari myeupe na ya rangi ya chungwa, na mashine imefundishwa kuvipita kama haijaviona, tusije tukajiadhibu wenyewe. Jina "tawi" halimo kwenye orodha. Kwa mashine, majani juu ya lami ni taka.

Nakuomba, Shangazi, nunua pembetatu mbili nyekundu kama sheria inavyosema. Alama moja si mwisho wa dunia. Usikate rufaa. Wakikuzoea jina watakutazama zaidi.

Najua ulivyo. Ndiyo maana nakuomba mara mbili.

Binti yako


Yadi ya malori
15 Machi

Mwanangu,

Pembetatu! Nilikuwa nazo. Ya kwanza iliibiwa mimi nikiwa chini ya lori nafunga nati, nikaona viatu vya mwizi vinaondoka taratibu bila hata haraka. Ya pili niliikuta imetundikwa kwenye mlango wa kibanda cha fundi viatu, eti pambo. Nilipomwambia ni yangu akaniuliza kama imeandikwa jina.

Halafu pembetatu inajua neno moja tu: "nimesimama." Tawi linaongea. Umesahau? Ulipokuwa unasafiri na mimi likizo, ukilala nyuma ya kiti, nani alikuwa ananishikia matawi? Tawi dogo linawekwa mbali, anayekuja anyanyue mguu kwenye mafuta. La kati linafuata, akanyage breki. Kubwa karibu na gari. Na shina, ile sehemu iliyokatwa na panga, linaelekezwa upande wa kupita. Shina likiwa kulia, pita kulia. Matawi mawili yakipishana, kuna watu barabarani, simama kabisa. Hakuna dereva wa mlima huu asiyesoma hayo, awe anatoka wapi, awe anasema lugha gani. Ukungu ukishuka pembetatu huioni, lakini tairi likikanyaga tawi unalisikia mpaka kwenye usukani.

Na wewe unaniambia ni majani juu ya lami.

Sinunui kitu. Nitaendelea kukata matawi mpaka mlima ubaki na kipara. Rufaa sikati, kwa sababu anayekata rufaa anaomba, na mimi siombi. Wakitaka kuniita, waniite, nitakwenda na kilemba hikihiki.

Jambo moja dogo. Chini ya picha pameandikwa: "Imethibitishwa na mwangalizi namba 6." Huyo namba 6 ni nani humo chumbani? Ana macho? Nipelekee salamu, na usizipunguze ukali.

Shangazi yako


Kituo cha Uangalizi
24 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeona kwenye orodha ya zamu nyingine kwamba umepata alama ya pili. Safari hii hata lori halikuwa lako! Ulisimama kumsaidia mwenye basi dogo, ukamkatia matawi, na mashine ikaandika namba ya gari lililo karibu zaidi, ambalo ni lako. Shangazi, imebaki moja. Nimeshindwa kula.

Nilimfuata mkuu wa zamu. Nilimweleza habari za shina na matawi yanayopishana, kama ulivyoniandikia. Alinisikiliza vizuri, hakunidharau. Akasema, "Sheria inaijua pembetatu. Nikiruhusu tawi leo, kesho mtu ataweka ndoo, keshokutwa ataweka mkwe wake."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nakuambia ukweli, nilicheka.

Kuna jingine ambalo lazima ulijue. Tangu mwanzo wa wiki hii, taka ikithibitishwa, mashine yenyewe inaita pikapu ya usafi. Vijana wa pikapu wanapelekwa mahali, wanaokota, wanaondoka. Hawajui kilichowekwa ni nini wala kwa nini. Kwa hiyo usitegemee matawi, si yako wala ya mwenzako. Kama inawezekana pita njia ya zamani ya bondeni, hata kama ni ndefu.

Kuhusu namba 6. Ni mwangalizi kama wengine. Anaona picha nyingi sana kwa siku, na kutoka juu mambo hayaonekani kama yanavyoonekana ukiwa chini. Naomba usimtukane.

Binti yako


Zahanati ya njiapanda
3 Aprili

Mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi begani, karatasi inanikimbia kwa sababu hakuna wa kuishika.

Juzi asubuhi Kijiko aliharibikiwa na lori palepale, chini ya kona. Ukungu ulikuwa mzito. Akakata matawi, akayapanga vizuri, naapa, maana nimemfundisha mwenyewe. Akaingia chini ya lori na spana zake. Akasikia gari dogo limesimama kule juu, milango ikafunguliwa, ikafungwa, likaondoka. Akadhani ni watu wanaoshuka kujisaidia.

Ilikuwa pikapu yenu, ile uliyonionya nikakupuuza.

Mimi nikaja kutoka juu na shehena kamili. Sikuona tawi wala sikusikia tawi. Njia safi, imefagiliwa kama sebule ya bibi harusi. Nikaingia kona kwa mwendo wa mtu anayejua njia ni nyeupe, na kitu cha kwanza nilichokiona ni soli za viatu vya Kijiko zimechomoza chini ya lori lake. Kwa mwendo ule hapakuwa na nafasi ya kukwepa. Nikalipeleka lori kwenye ukuta wa mlima.

Kijiko hana hata mkwaruzo. Amekaa hapa pembeni ya kitanda anakula chakula changu cha wagonjwa.

Jana wameniletea karatasi. Kuendesha bila uangalifu. Wanasema picha za ndege zinaonyesha barabara ilikuwa wazi na haikuwa na alama yoyote. Ni kweli haikuwa na alama, maana waliiokota wao! Tarehe 27 naitwa mbele ya baraza la leseni. Wakinitia hatiani, ndiyo ya tatu.

Sijui niseme nini zaidi. Mkono unauma na nina hasira kiasi kwamba muuguzi anaogopa kunipima presha.

Shangazi yako


Nyumbani
6 Aprili

Shangazi,

Naandika nikiwa chumbani kwangu, siwezi kuandika haya nikiwa kule.

Namba 6 ni mimi.

Ile picha ya kwanza ni mimi niliyebonyeza "Sahihi". Niliona kilemba cha njano. Sikuwaza ni nani. Kisanduku kilikuwa kimeshachorwa, jina limeshaandikwa, na nilikuwa nimebonyeza vingine vingi kabla yake. Kidole kilikwenda chenyewe. Ulipoandika barua ile nikakimbilia kufungua picha, na tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Nikakujibu kama karani. Nikakuambia ununue pembetatu.

Lakini la asubuhi ile ya ukungu ndilo linaloniua. Nilikuwa zamu. Ukungu ulifunguka kidogo, nikaona matawi ya Kijiko, dogo, la kati, kubwa, shina kulia. Nikayasoma, Shangazi. Niliyasoma kama unavyoyasoma wewe. Mashine ikachora kisanduku: taka. Nikasema hapana, leo sibonyezi. Nikaondoa mikono kwenye meza nikaikalia. Nikajiona nimekataa, tena kwa ushujaa.

Mkuu wa zamu ndiye aliyenieleza baadaye. Mwangalizi asipojibu, mashine inasubiri kidogo, halafu inahesabu amekubali. Nilitakiwa kubonyeza "Si sahihi". Mimi nimekaa kimya, nikaikalia mikono yangu, na pikapu ikaenda.

Ningekuua. Ungemuua Kijiko kwa sababu yangu. Sistahili kuitwa binti yako, lakini sina jina jingine la kutia hapa.

Binti yako


Zahanati ya njiapanda
10 Aprili

Mwanangu,

Kwanza, acha kulia juu ya karatasi, wino umeharibika mstari mzima na ilibidi Kijiko anisaidie kukisia.

Pili, nilijua. Umesahau mwezi wako wa kwanza kazini ulinitumia picha, umevaa sweta na beji mpya kifuani, umetabasamu mpaka fizi? Niliibandika ndani ya lori, juu ya kioo. Namba 6, kubwa, inasomeka hata bila miwani. Nilipoiona ile adhabu nilikaa pembeni ya barabara nikaikodolea macho picha yako. Sikukutaja. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nilikupelekea salamu kali ili uhisi joto, ukanijibu nisimtukane! Nilicheka peke yangu na nilikasirika vilevile. Uliniumiza, na nakuambia wazi ili usidhani sina moyo.

Sasa imeshasemwa, basi. Sikukulea ukae unajipiga kifua. Nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza kwenye lori.

Wewe uliikalia mikono ukadhani umekataa. Dereva akitaka gari lisimame haachii tu mafuta na kutumaini. Lori lililobeba saruji ukiliachia kwenye mteremko linaendelea na safari yake, halikujui. Kukataa ni kukanyaga. Kanyaga mpaka abiria wakuulize una nini.

Hiyo mashine imezoea watu wanaoachia mafuta.

Mimi mwenyewe sina mpango wa kupoteza leseni kwa upole. Daktari amesema nipumzike. Nimemwambia nitapumzika kwenye baraza, wana viti. Wewe fanya unaloona ni lako. Sikuombi uje, wala uache kazi. Ninachotaka ni kidole chako kijue kinabonyeza nini.

Na jina lako mbele yangu ni lilelile.

Shangazi yako,
mwenye mkono mmoja na mdomo mzima


Nyumbani
20 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Niko nyumbani mchana, maana nimesimamishwa kazi. Nakusimulia kabla Kijiko hajakusimulia kwa njia yake.

Juzi mvua ilikuwa inanyesha mlimani. Basi lilizimika palepale chini ya kona, na abiria wote wakashuka wakasimama kwenye lami wakiwa na miavuli na mizigo. Dereva wa basi alikuwa amefungua injini, hakuna aliyekumbuka panga. Kule juu nikaona tangi la mafuta linateremka. Nikapiga simu ya kituo kwa askari wa karibu, wakasema wanakuja. Tangi lenyewe halikuwa na habari ya kusubiri askari.

Mkuu wa zamu akaniambia niirudishe ndege, upepo umezidi na betri inakwisha. Shangazi, safari hii nilijibu. Nikasema kwa sauti, chumba kizima kikasikia, "Sirudishi." Nikaishusha. Nikaileta juu ya kona, katikati ya njia, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu. Nikawasha taa zake zote. Upepo ulikuwa unaisukuma na mimi nairudisha, nairudisha, na mkuu yuko nyuma ya kiti changu anasema namba 6, namba 6, unasikia?

Dereva wa tangi akaiona. Akasimama. Nilimwona akishuka ana rungu mkononi, nadhani alitaka kuipiga, akidhani ni mchezo wa mtoto wa tajiri. Kisha akaenda mbele akachungulia kona. Alirudi mbio, akachukua panga lake, akaanza kukata matawi. Betri ikaisha hapohapo. Ndege ikakaa chini kwenye lami na, kama askari walivyotuambia baadaye, gari lililofuata likaipitia bawa. Abiria wakaisogeza pembeni kidogo ya njia.

Hakuna aliyeumia. Hata mmoja.

Jioni mkuu aliniita. Si mtu mbaya, ana deni la maelezo tu kwa wakubwa wake. Akanisogezea fomu ya hasara na kusema, "Hapa kwenye sababu andika upepo. Ukiandika upepo, kesho uko kwenye kiti chako na ndege nyingine." Nikachukua kalamu. Nikaandika: "Niliweka alama."

Akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema hawezi kufunga faili kwa sababu kama hiyo, na mpaka faili lifungwe mimi niko nje, na ndege ibaki ilipo, isiguswe na mtu. Nikavua beji nikaiweka mezani.

Tarehe 27 nakuja. Nitawaambia baraza niliyaona matawi ya Kijiko kwa macho yangu, yalivyopangwa, na kwamba ni pikapu yetu iliyoyaondoa. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia nilikuwa namba 6.

Binti yako


Yadi ya malori
5 Mei

Mwanangu,

Ulirudi mjini haraka mno siku ile, hatukukaa hata tukaongea kama watu. Nilibaki nimesimama kwenye ngazi za baraza na mkono wangu umefungwa kitambaa shingoni, najisikia kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani na hana wa kumwonyesha.

Ulisimama vizuri. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, nikasema moyoni, huyu anaachia mafuta. Mwenyekiti alipokuuliza una hakika gani kwamba yale hayakuwa majani yaliyoangushwa na upepo, ukamjibu, "Upepo haukati kwa panga, mheshimiwa, na haupangi kwa ukubwa." Kijiko alipiga makofi mpaka akaonywa. Mimi nililia kidogo. Nakuambia kwa sababu hukuniona, ulikuwa umenipa mgongo.

Karatasi ya hukumu imekuja. Kosa la kuendesha bila uangalifu wamelifuta. Alama mbili za taka zimebaki, wanasema sheria ni sheria, na mwenyekiti alinikazia macho na kusema tawi moja tu zaidi na leseni inakwenda. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Hakuniuliza kama nimekubali.

Sasa kaa chini nikupe habari.

Jana nilipanda mlima na Kijiko, yeye anaendesha, mimi namkosoa. Tukafika kwenye kona. Ndege yako ipo palepale, kwenye ukingo wa lami, bawa moja limepondeka, lakini stika ya mistari ya chungwa inang'aa kama imebandikwa asubuhi. Na juu yake, mwanangu, mtu amefunga tawi. Shina kulia. Chini kidogo kulikuwa na lori lenye pancha, na dereva wake amekaa kwenye kivuli cha tela anakunywa chai.

Nikamuuliza, huogopi adhabu? Akaniambia desturi hiyo ina siku tele pale. Wenzake wamekuwa wakifunga kubwa au dogo kila gari linapoharibika, na wakimaliza wanalifungua na kulirudisha porini. Ndege nyingine inapita juu, inazungukazunguka, inaondoka. Pikapu haijaja hata mara moja. Yeye anadhani ni bahati.

Mimi nikaanza kucheka mpaka plasta ikaniuma. Kijiko akadhani nimepata kichaa. Nikamwambia, huyu mtoto aliniandikia mwezi wa tatu, nikaiona ni barua ya karani! Mali ya kituo. Mashine inaona stika yao inafumba macho, na tawi lililofungwa pale linapita nayo. Na fundi wao haruhusiwi kuiondoa mpaka faili lifungwe, na faili halifungwi mpaka wewe uandike upepo.

Basi leo asubuhi lori la Kijiko lilipochemsha, palepale, nilishuka mwenyewe. Nilikata tawi kwa mkono mmoja, jambo ambalo sitaki daktari alisikie, nikalifunga kwenye ndege yako kwa kamba ya turubai. Nikasimama katikati ya barabara na kilemba changu cha njano, nikaitazama ile nyingine iliyokuwa inapita juu, nikaipungia. Nimesubiri ujumbe kwenye simu mchana kutwa. Kimya.

Najua watakuja kushtuka siku moja. Watabadili mashine, watatunga jina jingine. Tutakuwa bado tupo na mapanga yetu. Lakini kwa sasa ile kona ina alama, na ni ya kwako.

Kwa hiyo mkuu wako akija na fomu yake ya upepo, mwambie kalamu imeisha wino. Kama ugali wa mjini umeanza kuwa mgumu, njoo huku. Plasta inatolewa mwisho wa mwezi na ninahitaji mtu wa kukaa kiti cha pili, mtu ambaye anasoma matawi. Panda na gari lolote linaloteremka kutoka juu. Ukikaribia kona utaiona ndege yako kabla ya kuniona mimi.

Pita kulia.

Shangazi yako,
Mama Gia